Ala Yenye Ufa

Toki, asubuhi ya Februari. Theluji imetuama vigaeni
kama unga ambao mtu aliacha kuuchekecha.
Nobue avua viatu, avaa joho jeupe,
afunika nywele hadi nyusini,
maana unywele mmoja humu ndani
ni gogo lililoangukia njia kuu.

Kazi yake ni tundu.
Si pini ya kauri: ni lile tundu lililomo katikati ya pini,
mikroni mia moja ishirini na tano,
na moja ya kusamehewa.
Ya pili haisamehewi.
Humo utalazwa unyuzi wa kioo,
na humo ndani ya unyuzi, kiini,
mikroni tisa,
uchochoro ambao nuru ikikosea mlango wake
haigeuki kuuliza.

Pini mbili zikutane uso kwa uso.
Nani azishike?
Gundi hukauka ikavuta upande wake.
Skrubu haijui kukaza bila kuonea.
Ala ndiyo huzishika: kijibomba cheupe,
urefu wa ukucha wa kidole cha mwisho,
kimepasuliwa kutoka mdomo hadi mdomo
kwa msumeno wa almasi,
makusudi.
Huku ufa hauzibwi. Huku ufa unalipiwa.

Jumapili alitia mfukoni moja iliyokataliwa
akampelekea baba.

Mzee Tokuji, miaka hamsini na minne mbele ya tanuri,
kikombe kikitoka na ufa hakuwahi kukiuliza jina.
"Kauri haiugui," alisema. "Ni nzima au imekufa."
Nobue, mtoto, kitandani,
alihesabu nyundo kupitia ukuta wa mbao:
usiku wa saba, usiku wa kumi na mbili,
usiku mmoja wa arobaini, ambao mama hakupika.

Mzee akaiinua ala dirishani,
akaona mwanga ukichungulia ubavuni mwake.
Mkono, kwa mazoea, ukaenda kwenye msumari
ambako nyundo ingali imening'inia.

"Subiri, baba."
Akachomeka pini hii. Akachomeka ile.
"Ingekuwa nzima ingezikataa, au ingezipwaya.
Ufa ndio pumzi yake. Inafunguka kidogo,
kisha inataka kurudi ilivyokuwa,
na kule kutaka kurudi ndiko kubana kwenyewe."

"Kwa hiyo hairidhiki."
"Hairidhiki."
"Mpaka lini?"
"Wateja wanataka miaka ishirini."

Mzee akanyamaza. Akasema chai imepoa,
na kweli ilikuwa imepoa.
Akiwa mlangoni akauliza:
"Hii waliikataa kwa nini?"
"Inang'ang'ania kupita kipimo."
"Basi iache hapa."

Aprili, theluji imekwisha kuwa maji ya mfereji,
Nobue alikuta brashi juu ya rafu,
ile ya mpini wa mwanzi mwembamba kama kijiti cha kiberiti,
iliyokatika mwaka aliofariki mama,
ambayo mzee hakuitupa wala hakuitengeneza.
Vipande viwili sasa vilikutana
ndani ya kauri nyeupe.
Akauvuta mpini. Haukulegea.

Mzee alikuwa ameketi na sahani ya dukani,
nyeupe, ya bei rahisi, bei yake ingali imebandikwa chini.
Akachovya brashi katika buluu
akauzungusha mstari ukingoni,
polepole, mkono ukitetemeka upande wa dirisha,
ukatulia, ukatetemeka tena.
Mstari ulipofika mwisho
haukukutana na ulikoanzia.

Nobue aliitazama ile nafasi nyeupe,
na jicho la kazini likaikadiria lenyewe:
milimita nne. Nne na nusu.
Akafungua kinywa.

Mzee alikwisha kuosha brashi
na alikuwa akitafuta mahali pa kuianika sahani,
mbali na nyundo.